Msamaha Uliofanyiwa Mazoezi Bafuni

Kemunto mwanangu,

Kabla hujakanyaga Uingereza, ujue nchi hiyo niliwahi kuitawala mimi. Miaka minne na nusu niliitawala, kutoka bafu moja la ghorofa ya tatu hapo Saint Louis Park, na sikuomba kura ya mtu. Lodi mzima, mtu ambaye babu zake walikuwa wakipewa milima na wafalme kama sisi tunavyopewa soda kwenye harusi, hakuwa ananyanyua kidevu mpaka mimi niseme nyanyua. Nikisema geuka, anageuka. Nikisema fumba macho, sabuni inakuja, anafumba. Hakuna waziri mkuu wao aliyewahi kutiiwa hivyo. Na mimi ni kijana wa Nyamira niliyeishia kidato cha pili, tena sikuacha shule kama ninavyosemaga. Nilifukuzwa. Ukimwambia mama yako nitakana.

Cheka basi kidogo. Najua hucheki. Tangu Jumapili hujacheka na chochote nilichosema, na nimesema mengi, nimejaribu hata ule mchezo wa kijiko puani.

Sasa hivi ni Jumamosi, saa tisa mchana. Wewe umekwenda Burnsville kuwaaga rafiki zako, mama yako yuko kazini hospitali mpaka saa moja, na mimi niko hapa mezani jikoni, masanduku yako mawili yananitazama kutoka sebuleni kama askari. Mambo ya koti, dawa za kifua, nani umpigie ukifika, mama yako ameshayaandika karatasi mbili na kuzibandika kwenye friji. Mimi hayo siyawezi na siyagusi. Kiswahili ndicho ninachokuandikia, kwa sababu chako ni kizuri kuliko changu. Ulikipata kule nilikokuacha. Hapo ndipo penyewe ninapotaka kufika, lakini wewe unanijua: mimi hata nikienda kununua maziwa napitia kwanza kwa watu watatu.

Tuseme wazi kilichotokea Jumapili, ili usije ukafikiri mimi sikuona. Yalikuwa maombi ya kukuaga. Nyumba imejaa, pasta amekuombea mpaka chapati zimepoa, halafu watu wakasema baba mtu aseme neno. Nikasimama na ile hadithi yangu. Kwamba ulipokuwa na miaka minane nilikupeleka Nyamira kwa nyanya yako, nikakuacha ukasome huko, na asubuhi ya kuondoka nilikukuta umelala fofofo, unakoroma kama trekta la majani chai, nikakubusu, ukageuka upande ukaniambia dakika tano zaidi. Watu wakacheka. Huwa wanacheka. Wewe ukainuka ukaanza kukusanya sahani ambazo hazijaisha, ukamnyang'anya shemasi chapati yake ikiwa nusu njiani kwenda mdomoni.

Wageni walipoondoka nilikuletea glasi jikoni. Hukugeuka. Ukaniuliza, "Dad, hivyo ndivyo ilivyokuwa?"

Nikasema, "Ndivyo."

Ukasema, "Sawa. Siku ya safari rafiki yangu atanipeleka uwanja wa ndege. Usijisumbue."

Nimejisumbua wiki nzima. Nataka nikupeleke mimi kesho, Kemunto. Nataka nibebe sanduku, nisimame pale mpaka upotee kule mbele kwa watu wa kukagua. Lakini kuna jambo ni lazima ulijue kabla hujaingia kwenye gari langu, na ukishalijua utaamua mwenyewe. Nitalifikia. Nipe tu nafasi nizungukie kwa Lodi.

Sheria ya kazi yetu ya kuwaangalia wazee hainiruhusu kumtaja jina, hata kama ameshakufa. Kwa hiyo ni Lodi tu, kama ulivyozoea kusikia. Alizaliwa kwenye nyumba ambayo aliniambia kuna vyumba hakuwahi kuviingia maisha yake yote. Nilimuuliza, "Sasa mlijuaje kama hamna mtu anaishi humo?" Akafikiri sana, akasema hilo hakuwahi kuliwaza, na huenda kulikuwa na mtu. Baridi ya ndani ya nyumba hiyo, alisema, ilikuwa inakwenda nje kujipasha joto. Ndiyo maana Januari ya Minnesota haikumtisha. Sisi wengine tunakimbia kutoka mlangoni hadi kwenye gari kama wezi, yeye anataka dirisha lifunguliwe kidogo.

Alipotimiza miaka saba, mama yake alimwambia wanakwenda kumwona farasi mdogo anayeuzwa. Akavaa viatu vyake vya shamba. Dereva akaendesha asubuhi nzima. Walipofika palikuwa na geti, mwanamume mwenye filimbi, na watoto wamepanga mstari. Dereva akafungua buti ya gari, akatoa sanduku ambalo Lodi hakuliona likifungwa, lina jina lake kwa rangi nyeupe. Aliniambia, "Hapo nikaelewa. Farasi hahitaji nimpelekee soksi kumi na mbili."

Nilicheka, Kemunto. Nilikuwa namkausha masikio, nikacheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Nikamwambia, "Lodi, nyinyi wazungu hamna moyo kabisa. Mtoto wa miaka saba!" Naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Wakati huo wewe ulikuwa mwaka wa tatu kwenye bweni la Nyamira.

Basi akakua. Akaingia jeshini, akatoka na mguu mmoja mbovu kwa kuanguka kutoka kwenye gari lililosimama, na hilo alilisema mwenyewe, si mimi. Baba yake akafa. Kwao kuna bunge la watu wanaopigiwa kura, na kuna la pili, la Malodi, ambako enzi hizo kiti unakirithi kama sisi tunavyorithi kipande cha shamba. Kijana hajui hata pa kutundika kofia, akakalishwa kwenye kiti chekundu kutunga sheria. Hotuba yake ya kwanza ilihusu mitaro ya maji machafu. Wazee watatu walilala.

"Ukiwa unaongea?" nikamuuliza.

"Mmoja alikuwa mjomba wangu."

Lakini alikuwa na sauti, jo! Sauti ya kufungulia mkutano. Wakampa unaibu waziri wa samaki, ambao alikuwa hawali. Kisha barabara. Kisha akawa waziri kamili wa mito na maji, picha zake magazetini amevaa gambuti, anaelekeza kidole mahali. Nilimuuliza alikuwa anaelekeza nini. Akasema kwa kawaida alikuwa anamwelekeza mpiga picha asianguke.

Sisi bafuni tulikuwa na bunge letu. Yeye yuko kwenye kiti chake cha plastiki, povu mpaka shingoni, anasema, "Waheshimiwa Malodi," na mimi nikiwa upinzani napiga kelele, "Uongo! Akae chini!" Anajibu, "Siwezi kukaa chini zaidi ya hapa." Jirani wa chini aliwahi kugonga mlango akidhani tunapigana.

Sasa sikiliza hili, maana ni kubwa na ndilo lililomfanya ajulikane. Palikuwa na mji mdogo kando ya mto, una ukuta wa kuzuia maji. Mezani kwake ikaletwa ripoti kusema ukuta umechoka. Ripoti ndefu. Hakuisoma. Siku moja mtu bungeni akamuuliza kuhusu ukuta huo, naye kwa ile sauti yake akasimama akawahakikishia kwamba ukuta ni imara. Majira ya baridi mto ukafura, ukuta ukalala chini, mji ukaingia maji. Bibi na bwana wazee wakakutwa wamekufa maji kwenye nyumba yao.

Wizarani walimtayarishia karani wa kulaumiwa. Barua ishaandikwa. Lodi akasimama mbele ya Malodi wote akasema, "Niliandikiwa. Sikusoma. Nikawaambia ukuta ni imara. Kosa ni langu, si la karani." Akakaa. Jioni hiyo akajiuzulu. Redio zikamsifu, barua zikaja kwa magunia. Na tangu siku hiyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, kila alikotambulishwa waliambiwa huyu ndiye yule mkweli. Hata sheria ilipobadilishwa, wenye viti vya kurithi wakatolewa, yeye akatoka na mwavuli na boksi la kalamu, bado magazeti yakaandika mkweli ameondoka.

Wewe hili ulilisikia kutoka kwake mwenyewe. Ile siku shule ilifungwa kwa theluji nikaenda nawe kazini, ukakaa kwenye kapeti ukamuuliza bila hata kumpa heshima ya mzee, "Kwa nini hukuisoma?" Mimi nikaziba uso. Yeye akakujibu vizuri sana: "Kwa sababu watu walikuwa wananipenda, na nilihisi karatasi ile itawafanya wasinipende." Nadhani siku hiyo ndiyo Uingereza ilikuingia kichwani. Kwa hiyo ukipata baridi huko usinilaumu mimi, mlaumu Lodi.

Kitu ambacho wewe hukukiona ni Madam. Madam ni bintiye Lodi, mama mrefu anayefundisha chuo kikuu huko Minneapolis. Ndiye aliyemleta Marekani baada ya mkewe Lodi kufariki na mzee kuanguka kwenye ngazi mara mbili. Alimtafutia apatimenti nzuri, akatulipa vizuri sisi wa kumwangalia, alihakikisha uji ni ule wa shayiri anaoupenda. Na kila Jumapili saa tisa na nusu alikuja. Alikaa dakika arobaini, hajavua koti. Koti limefungwa vifungo vyote mpaka juu, ndani ya nyumba yenye joto. Wanaongea mto Mississippi umeganda, mto Mississippi umeyeyuka. Halafu anaondoka.

Siku moja nikamwambia mzee, "Lodi, huyu binti yako ana haraka kama aliyepaki gari vibaya."

Akasema, "Mimi nilimpeleka bweni akiwa na miaka saba. Nilimwambia tunakwenda kumwona farasi."

Nikaacha kumpaka sabuni. "Uongo ule ule?"

"Ndio uongo niliokuwa naujua," akasema.

Nikamuuliza kwa nini yeye, aliyejua yanavyouma. Akasema alikuwa waziri, na siku hiyo alikuwa na kikao saa nne asubuhi.

Halafu akanigeukia mimi. Nilikuwa na wembe kwenye koo lake, nikadhani hatasema kitu. Akasema. "Una watoto?"

"Mmoja. Yuko shule ya bweni Kenya."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Alikwenda anajua?"

Nikaona nimchekeshe. Nikampa hadithi ya trekta yote, na kukoroma nikakoroma. Ndiye mtu wa kwanza katika maisha yangu ambaye hakucheka. Akaniangalia kwenye kioo na povu nusu uso, akasema, "Mtoto huliona sanduku, rafiki yangu. Hata likifichwa."

Nikamwambia afunge mdomo nimalizie.

Nikwambie ilivyokuwa mpaka ukaenda, maana nadhani hukuwahi kuelezwa ukaelewa. Kanisani kwetu mwaka ule ilikuwa kama msimu. Kila ukigeuka, mtoto wa fulani amepelekwa nyumbani. Watu tulikuwa tunapiga dabo, shifti mchana na shifti usiku, mtoto analelewa na televisheni, unamwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza huku anatazama pembeni. Wazee wakikaa wanasema mpeleke kwa nyanya yake miaka michache, atarudi ana adabu na ana lugha. Na kweli wengine walirudi wazuri. Mimi ningeweza kukwambia nilifanya kwa ajili ya lugha, na pasta angeniunga mkono. Lakini wewe unakumbuka ile Krismasi, tumesimama mbele ya watu wote, nikakwambia usalimie wazee kwa lugha ya nyumbani, nawe ukaniambia kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba mimi si bosi wako. Kanisa zima likaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu Amerika imeshammeza." Ulikuwa na miaka minane, ulikuwa umechoka, una njaa. Mimi nilikuwa na suti mpya. Ilikuwa ile suti, Kemunto. Nilikata tikiti wiki ileile kwa sababu ya kuchekwa nikiwa na suti mpya.

Mama yako alisema, "Mwambie." Alisema mara tatu. Nikamwambia nitakuambia huko huko, taratibu, ukishazoea. Nikakuambia tunakwenda kumsalimia nyanya.

Turudi kwa Lodi. Mwaka wa pili wa kazi, akaanza kusahau. Anauliza kama kuna kikao. Jumapili asubuhi anauliza kama baba yake atakuja leo. Nikadhani ananitania, kumbe yuko kule kwenye geti lenye filimbi. Akizindukana anaona aibu. Siku moja akazindukana akaniambia, "Nataka kumwambia binti yangu kabla sijasahau kwamba natakiwa kumwambia." Tukaanza mazoezi.

Mimi ndiye nilikuwa Madam. Nilijifunika taulo mabegani likawa koti, nikakaa juu ya choo kilichofunikwa, mgongo wima, mikono mapajani. Lodi akasafisha koo. "Ninasimama mbele yenu," akasema.

"Lodi, hili si bunge. Na umekaa."

"Hali za wakati ule zilikuwa ngumu, na desturi..."

"Karani huyo unamlaumu. Anza tena."

Wiki nzima anatafuta njia ya kupita pembeni. Mtu aliyeweza kusema mbele ya taifa zima kosa ni langu, anashindwa mbele ya mwangalizi wake aliyevaa taulo. Kisha Alhamisi moja, mimi hata sijakaa vizuri, akasema bila sauti yake ya mkutano, sauti ndogo sana, "Nilikudanganya. Hakukuwa na farasi. Niliogopa utalia, nami nilikuwa na haraka." Basi. Mimi nilipiga makofi. Nikamwambia hiyo hiyo, usiongeze neno.

Jumapili ikafika. Madam akakaa. Nikaleta chai, nikasimama mlangoni namfanyia mzee macho. Akasafisha koo. Akamwangalia binti yake. Akamuuliza kama wamemaliza kutengeneza barabara kuu ya huko Minneapolis.

"Jumapili ijayo," akaniambia Jumatatu, nikimnyoa. Ilikwenda hivyo majira yote ya baridi. Jumapili ijayo.

Wewe nilikurudisha ukiwa na miaka kumi na mitatu, na nimejisifu sana kwamba lilikuwa wazo langu. Lilikuwa la Lodi. Alikuwa ananiuliza kila wiki, hata wiki ambazo jina langu limempotea, "Yule msichana amerudi?" Nilipomwambia hatimaye amerudi, amekuwa mrefu, ana Kiswahili cha kumshinda pasta, akashika mkono wangu wenye sabuni. "Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Si alikuwa amelala."

Akasema kwa ile sauti yake ya zamani, "Mheshimiwa analidanganya bunge."

Alikufa Jumatano asubuhi, baada ya uji, redio ikisoma hali ya hewa. Nilikuwa nakunja nguo zake. Hakusema neno la mwisho lolote la maana, aliniambia uji una chumvi. Watu wanapenda kufa kwenye hadithi wakisema mambo makubwa, yeye alilalamikia chumvi, na alikuwa na haki.

Jumapili yake, saa tisa na nusu, Madam akaja kuchukua vitu. Koti limefungwa. Akapita chumba hadi chumba, akashika ule mwavuli, akauweka. Mwishoni akasimama mlango wa bafu, mimi nimepiga magoti nakusanya mataulo. Akaniuliza, "Aliwahi kusema kitu? Kuhusu mimi?"

Kwa uongo wangu ulivyo mwepesi ningeweza kumtungia kitu kitamu. Nikamwambia kweli. Nikamwambia kuhusu mazoezi, kuhusu farasi, nikazirudia zile sentensi tatu za Alhamisi kama alivyozisema, kwa sauti ndogo.

Nilidhani atalia, nimletee kiti, niwe shujaa. Hakulia. Akaniuliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Kwa nini alikuambia wewe?"

Nikaanza kukunja taulo lililokuwa limeshakunjwa.

"Kila Jumapili nilikaa pale mbele yake," akasema. "Miaka yote hii nimengoja aseme sentensi moja, na naipata kutoka kwa mtu anayekunja mataulo."

Akashukuru kwa kazi nzuri. Akaondoka. Mimi ambaye mama yako anasema nitaongea hata kwenye jeneza, nilibaki kwenye sakafu ya bafu nimekumbatia mataulo. Nilijua uchungu anaousema ni wake. Lakini nilikuwa naona mgongo wako tu, unavyosimama kwenye sinki la nyumbani kila jioni. Tangu urudi, Kemunto, umekuwa mtoto mzuri mno. Hunikosei, huniombi kitu, unaniambia "Sawa, Dad." Nimewahi kujisifu kwa watu kwamba Nyamira ilikutia adabu. Haikuwa adabu. Ulikuwa umekaa na koti.

Miaka miwili imepita tangu Lodi azikwe, na mimi nimeendelea na Jumapili ijayo. Mpaka hii ya juzi, ambapo nilisimama mbele ya watu nikasema uongo uleule, nikakoroma tena, wewe ukinisikiliza ukiwa umefungasha. Na jikoni ulinipa nafasi, uliniuliza kabisa, nami nikajibu ndivyo.

Sitaki upewe maneno yangu na mtu mwingine, mimi nikiwa nimeshakufa. Kwa hiyo ni haya.

Kwa wiki nzima ile Nyamira sikukuambia. Kila siku nilikuwa sokoni najisifia Amerika. Asubuhi ile nilikubusu kweli, na macho yako yalikuwa yamefungwa. Sanduku langu tulilitoa dirishani. Binamu yangu ndiye alikuwa dereva, na mimi ndiye niliyesema tusiwashe gari uani, tulisukume mpaka getini, ili usiamke. Tukalisukuma. Pale barabarani akaliwasha, nikaingia, nikafunga mlango.

Hukuwa umelala. Hukukoroma, hukusema dakika tano. Hayo niliyatunga ndani ya ndege. Nilitazama nyuma nikakuona umetoka mlango wa jikoni kwa nyanya yako, miguu mitupu, umevaa sweta langu lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, unakimbia kwenye matope. Na ulikuwa unaita, "Tata! Tata!" Maisha yako yote ulikuwa unaniita Dad. Wiki ile kwa binamu zako ndipo ulipojifunza kusema baba kwa lugha yetu, na siku ya kwanza kunitamkia ilikuwa ile.

Binamu yangu akakanyaga breki. Akasema, "Mtoto anakuita."

Nikamwambia, "Twende, nitachelewa ndege."

Nilikusikia vizuri kabisa, Kemunto. Na ndege ilikuwa ya kesho yake.